Redio haishiki mbali: chunguza mahali kabla ya kulaumu redio

Mpenzi yeyote wa redio huulizwa swali hili na majirani: "Redio gani inashika mbali?" Jibu la kweli huanza na swali jingine: utaisikilizia wapi? Redio ndogo ya betri iliyowekwa ufukweni usiku, mbali na nguzo za umeme, inaweza kuiacha nyuma redio ya laki kadhaa iliyokaa juu ya friji katikati ya mji. Ndiyo maana mtu akiniletea redio "isiyoshika" siifungui kwanza. Namwomba anieleze inatoa sauti gani inapokataa.

Sauti hizo ni za aina tatu. Kuna kimya chenye shii laini: hapo wimbi halifiki, au linafika hafifu mno. Kuna mkoromo na mikwaruzo: hapo wimbi pengine linafika vizuri tu, ila limefunikwa na kelele. Na kuna kupandana, stesheni moja kuzagaa kila unapozungusha: hapo mawimbi yanaingia kwa nguvu kupita kiasi. Ni lazima ujue umepatwa na lipi, maana waya mrefu unaomsaidia wa kwanza utamzidishia wa pili kelele na kummaliza kabisa wa tatu.

Kwenye masafa mafupi, yale yanayoandikwa SW, kuna kipimo cha haraka. Tafuta sehemu isiyo na stesheni, kisha chomoa waya wa antena, au isukume ndani antena ya kuvuta. Shii ikipungua unapochomoa na kurudi unapochomeka, redio tayari inasikia kelele za nje kuliko za ndani yake yenyewe. Usikivu wake unatosha; kinachobaki ni mahali. Isipobadilika hata kidogo, angalia kwanza kama waya umekatika au tundu limelegea.

Mkoromo unaofunika kila kitu

Hili ndilo tatizo la mijini, na kwa maoni yangu linaharibu usikivu kuliko milima yote ya Afrika Mashariki ikiwekwa pamoja. Watu wanahangaika kupandisha antena juu, kumbe kinachowaua kiko ukutani, kimechomekwa kwenye soketi.

Weka redio kwenye betri, iache mahali patupu kwenye masafa ya kati, yale yanayoandikwa MW au AM, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Mkoromo ukikatika, mchawi yuko nyumbani mwako. Washa tena, halafu chomeka kifaa kimoja baada ya kingine. Washukiwa wakubwa ni chaja za simu za bei poa, taa za LED, adapta ya king'amuzi na inveta. Vyote hivi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na vile vilivyotengenezwa bila vichujio husukuma uchafu huo kwenye nyaya za nyumba, nazo nyaya zinageuka antena ya kurushia kelele. Utaitambua kwa sababu ukizungusha taratibu unakutana na mkoromo uleule kila baada ya makumi kadhaa ya kilohezi, umejipanga. Chomoa chaja isiyotumika. Unayoihitaji, pitisha waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, kile kidude kizito cheusi kinachovimba kwenye nyaya za kompyuta za zamani. Mafundi wanazo bure kwenye makopo yao.

Swichi kuu ikizimwa na mkoromo ukabaki palepale, kelele inatoka kwa jirani au kwenye nguzo. Hapo subiri umeme ukatike mtaa mzima. Ukikatika, usikimbilie tochi, washa redio. Dakika hizo za giza zitakuonyesha mahali pako pangekuwaje bila uchafu wa umeme, na mara nyingi utashangaa stesheni zinavyojitokeza pale uliposema hapashiki kitu.

Kuna kelele za saa za ofisi. Mama mmoja wa Kigamboni aliniita kwa sababu redio yake ilikuwa nzima alfajiri na usiku, lakini jua likichomoza tu inaanza kulia nzzz hadi jioni. "Fundi, hii imezeeka, sivyo?" Nyumba haikuwa na umeme wa gridi hata kidogo, yote ilikuwa ya sola. Nikamwomba blanketi, nikapanda kwenye ngazi na kulitandaza juu ya paneli. Ndani, redio ikanyamaza kulia na sauti ya mtangazaji ikabaki peke yake. Nikalifunua, nzzz ikarudi. "Basi mama, si redio. Ni kile kidude kinachochaji betri." Kidhibiti chaji kilikuwa kimefungwa ukutani sentimita chache kutoka kwenye rafu ya redio, na nyaya mbili kutoka kwenye paneli zilitawanyika darini kwa nafasi kubwa kati yake. Tulizisokota pamoja nyaya zile tangu paneli hadi kidhibiti, tukaipeleka redio upande wa pili wa nyumba. Haikuisha yote, ila sasa anasikia taarifa ya habari ya mchana. Anayetaka iishe kabisa anabadilisha kidhibiti.

Nguzo nazo zina tabia zao. Kelele inayovuma wakati wa kiangazi na kutoweka mvua ikinyesha hutokana na cheche zinazoruka kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyoshikilia nyaya, vikiwa vimechafuka, au kwenye vyuma vilivyolegea. Pwani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chumvi ya bahari huganda juu ya vikombe hivyo. Mvua ya kwanza kubwa huviosha na redio inapona bila fundi. Kelele inayokuja na upepo, inayoanza na kukatika kadiri nyaya zinavyoyumba, ni kiungo kilicholegea. Katika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama wetu, mkoromo huu una sauti nzito ya mapigo 100 kwa sekunde, na ukishaisikia mara moja hutaikosea tena.

Kuutafuta mzizi wake, tumia redio yenyewe kama dira. Ndani ya redio ya masafa ya kati kuna kijiti cha feraiti kilicholala kufuata urefu wa kasha, na kijiti hicho hakisikii kinachotoka upande wa ncha zake. Zungusha redio taratibu hadi mkoromo uwe mdogo kabisa. Hapo ncha moja inaelekea kwenye chanzo. Rudia ukiwa umesogea hatua hamsini hivi, uone mistari miwili inakutana wapi. Ukiipata nguzo, usiiguse wala usiitikise. Piga simu shirika la umeme na utaje namba iliyoandikwa kwenye nguzo.

Njia hiyohiyo ya kuzungusha redio huokoa stesheni pia. Mtu anayelalamika kwamba MW haishiki na anazidi kuivuta antena ya chuma juu, hajui kwamba kwenye redio nyingi ndogo antena ile ni ya FM na masafa mafupi tu. Kwa MW, geuza kasha zima.

Mikwaruzo ya radi ni habari nyingine: pa! pa! krrr, bila mpangilio, inazidi usiku na wakati wa masika. Sisi tunaishi jirani na baadhi ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, mashariki mwa Kongo na Ziwa Victoria, ambako mawingu ya usiku hupiga karibu mwaka mzima. Kelele za radi husafiri kama stesheni zinavyosafiri, kwa hiyo mtu wa Dodoma anazisikia za ziwani huku anga lake likiwa na nyota. Hakuna kuhama kutakakomsaidia. Apande masafa ya juu zaidi, kwa sababu mikwaruzo hupungua kadiri kilohezi zinavyoongezeka: bendi ya mita 25 (bendi za masafa mafupi huitwa kwa urefu wa wimbi lake, na mita zikipungua kilohezi huongezeka) ni tulivu kuliko ya mita 49, na mita 49 ni tulivu kuliko MW.

Nje inashika, ndani ni kimya

Bati. Nyumba iliyoezekwa mabati, yenye nondo madirishani na zege lililojaa chuma, huzuia wimbi lisiingie, hasa la masafa ya kati na mafupi, ambalo lina urefu wa makumi hadi mamia ya mita na halipenyi kwenye tundu la dirisha. FM ina mawimbi ya mita 3 hivi, ndiyo maana inapenya dirishani huku masafa mafupi yakikwama. Nyumba ya makuti au nyasi haina shida hii kabisa. Banda la babu kijijini mara nyingi ni mahali bora pa kusikilizia kuliko nyumba mpya ya mtoto wake aliye mjini.

Toa wimbi huko nje uliingize kwa waya. Mita 8 hadi 10 za waya wa kawaida wa umeme, kutoka dirishani hadi kwenye mti, juu kadiri unavyofika salama na mbali na bati lenyewe, zinatosha kwa redio ndogo. Ncha yake izungushe kwenye antena ya kuvuta au ibane kwa kibanio cha nguo. Usiupitishe juu ya wala chini ya nyaya za umeme. Usiulaze juu ya mabati ukidhani paa limekuwa antena. Utavuna kelele za nyaya zilizomo darini.

Wakaaji wa ghorofa wana baraza tu. Waninginize waya nje kwa kijiti kinachousogeza mbali na ukuta, hata mita moja na nusu inaleta tofauti. Ukuta unaotazama upande wa stesheni ni bora, lakini ukuta ulio mbali na lifti na transfoma ni bora zaidi.

Mchana hakuna kitu, usiku zinajaa

Hili si kosa la mahali, ni saa. Mchana jua hutengeneza tabaka la chini angani, kilomita 60 hadi 90 juu, linalomeza masafa ya kati na yale mafupi ya chini. Magharibi ikiingia tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupita hadi tabaka la juu zaidi, kilomita 250 na kuendelea, likayarudisha chini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalipotoka. Guglielmo Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, alipotangaza kwamba mnamo Desemba 12, 1901, juu ya kilima cha Signal Hill huko Newfoundland, alisikia ishara kutoka Cornwall ng'ambo ya Atlantiki kwa waya uliobebwa na kishada, hakukosea mahali: kilima mbele ya bahari tupu. Kinachowatia wataalamu shaka hadi leo ni saa. Ilikuwa mchana.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha antena, jiulize unasikiliza bendi gani saa ngapi. Chini ya kilohezi 10,000 ni za usiku, juu yake ni za mchana, na mita 31 na 25 zinafaa jioni na alfajiri. Kwenye MW giza linapaswa kuwa limefunika njia yote kati yako na mtambo. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mashariki huingia giza kwanza. Ndiyo sababu jioni mapema mtu wa pwani husikia zaidi lugha za India na Kiarabu cha Ghuba, na stesheni za magharibi huja baadaye na kudumu hadi alfajiri.

Ratiba za masafa mafupi huandikwa kwa saa za Greenwich, na hapa wengi huchanganyikiwa. Ipo njia fupi kwa anayehesabu saa Kiswahili akiwa Afrika Mashariki: toa tatu. Ratiba ikisema 0400, ni saa moja asubuhi. Ikisema 1800, toa tatu upate 15, ondoa kumi na mbili: saa tatu usiku.

FM: jirani wa kilimani anapata, mimi wa bondeni sipati

Hapa ndipo kimo kinapotawala, na ndipo watu walipojifunza imani ya "panda juu" ambayo baadaye wanaipeleka kimakosa kwenye masafa mafupi. FM husafiri karibu kama macho yanavyoona, ikizidi kidogo tu. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, hizo ni kilomita za upeo wake. Mnara wa mita 100 una upeo wa kilomita 41. Wewe kwenye ghorofa ya pili, mita 9, una kilomita 12. Jumlisha: kilomita 53, kama hakuna kilima katikati.

Sasa mtazame mtu wa Lushoto. Mji umekaa bondeni, milima ya Usambara imeuzunguka, na FM ya mbali inapita juu ya vichwa vya watu. Kilomita chache tu kutoka hapo, ukingoni pa Irente, ardhi inakatika na tambarare ya Umasaini inaanza chini kabisa. Aliyesimama mita 1,000 juu ya tambarare ana upeo wa kilomita 130. Redio ni ileile, betri ni zilezile.

Anayekaa chini ya mlima mrefu, mathalani upande wa mji wa Morogoro na Uluguru imesimama kusini yake ikipita mita 2,600, asitegemee FM ya kusini. Dawa moja ambayo watu hawaiamini: rudi nyuma. Kivuli cha mlima ni kizito zaidi pale miguuni pake. Ukiondoka kilomita kadhaa kuelekea uwandani, wimbi lililopinda kwenye kilele linaanza kukufikia.

Stesheni inayoingia lakini sauti yake imechakaa, herufi "s" zinapasuka, inafika kwako kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kugonga mlima au jengo. Sogeza redio mita moja, moja na nusu. Usicheke, hiyo ni nusu ya wimbi la FM, na ndiyo tofauti kati ya mawimbi mawili kuuana na kusaidiana. Hila hii haifanyi kazi kwenye mita 31, ambako nusu ya wimbi ni mita kumi na tano.

Pwani kuna raha yake. Kati ya Dar es Salaam na Unguja kuna kama kilomita 70 za maji matupu, hakuna kilima wala jengo, kwa hiyo stesheni za pande zote mbili hupishana kila siku. Na kunapotulia, hewa ya joto ikalala juu ya hewa baridi ya bahari, FM hunaswa katikati na kusafiri mamia ya kilomita. Ghuba ya Uajemi inasifika kwa hili wakati wa kiangazi chake. Msikilizaji wa Muscat au Dubai hupata usiku mmoja stesheni za ng'ambo ambazo kesho yake hazipo. Anayedhani antena yake imeharibika kwa kuzikosa anajisumbua bure.

Kabla sijasahau: kama ni redio ya gari lililoletwa kutoka Japani na stesheni zinaishia 90, si mahali. FM ya kule huanza 76, na magari mengi ya zamani hayavuki 90. Muulize fundi wa redio za magari bendi ekspanda, kidude kinachoteremsha stesheni za juu ziingie kwenye bendi ya redio hiyo. Na redio ya kidijitali uliyotumiwa na ndugu aliye Marekani, inayoruka kilohezi 10 kila unapobonyeza, itazikosa stesheni za MW za kwetu zilizopangwa kila kilohezi 9. Tafuta kwenye mipangilio yake namna ya kubadili hatua hiyo.

Masafa mafupi: za karibu zinakuja, za mbali hazipo

Bonde lina makosa, lakini si kama wengi wanavyodhani. Wimbi la masafa mafupi linatoka angani, na linatoka juu kiasi gani inategemea umbali wake. Stesheni iliyo kilomita 1,000 hivi kutoka kwako huteremka kwa digrii 25 hadi 30, juu ya mlima wowote wa kawaida. Ya Ulaya au Asia ya mbali huja chini sana, digrii chache tu juu ya upeo. Ukipata za nchi jirani vizuri na za mabara mengine hazipo kabisa, mtuhumu mlima.

Mpime kwa mkono. Unyooshe mbele, fumba ngumi, uikalishe juu ya usawa wa macho: kimo cha ngumi ni kama digrii 10. Mlima usiofika nusu ya ngumi uache, hauna hatia. Unaopita ngumi nzima upande wa stesheni unayoitaka, hapo una sababu ya kuhama. Unapohama, mteremko unaoshuka kuelekea upande huo ni bora kuliko kilele chenyewe. Kwa Ulaya, kutoka Dar au Nairobi, tazama kaskazini ukielemea magharibi kidogo.

Halafu bahari. Maji ya chumvi hupitisha umeme mara mamia kuliko udongo mzuri, na mara maelfu kuliko ardhi kavu ya mawe. Wimbi linaloteremka kwa pembe ndogo juu ya bahari halipotezi nguvu kama juu ya nchi kavu, ndiyo sababu MW na masafa mafupi hupendeza ukiwa hatua chache kutoka majini, ukitazama upande wa stesheni. Ziwa Victoria halikupi zawadi hiyo. Maji yake hayana chumvi, na kwa wimbi ni karibu sawa na udongo. Unachopata ufukweni Mwanza au Kisumu ni upeo ulio wazi, tena ukisogea mbali na nguzo.

Ardhi kavu nayo ina siri yake. Antena ndefu ya kulaza, iliyosajiliwa na Mmarekani Harold Beverage mnamo 1921, hufanya kazi vizuri zaidi juu ya ardhi mbovu. Ni waya tu, mita mia mbili na zaidi, kwenye kimo cha mtu hivi, umenyooshwa kuelekea stesheni. Wasakaji wa stesheni za mbali wa Finland huenda Lapland, kaskazini mwa nchi yao, majira ya baridi na kutandaza nyaya za namna hiyo msituni, zingine zikikaribia kilomita, kwa sababu huko jua halichomozi kwa wiki kadhaa na MW ya mabara mengine husikika hadi adhuhuri. Hawaendi kutafuta kimo. Wanafuata giza na utulivu wa umeme. Mwenye shamba Dodoma au Singida ana nusu ya hayo tayari.

BBC walipohamishia kazi yao ya kusikiliza redio za dunia Caversham, Uingereza, mwaka 1943, antena hawakuziweka kwenye jumba la wafanyakazi. Walizipeleka Crowsley Park, kilomita chache pembeni. Ukiweza, fanya vivyo hivyo kwa kipimo chako: antena mwisho wa kiwanja, redio nyumbani, na kati yake kebo iliyofunikwa kwa wavu wa chuma, kama ya antena ya televisheni, ambayo haiokoti uchafu njiani.

Stesheni moja kila mahali

Kilima chenye minara ni mahali pabaya kwa msikilizaji, hata kiwe kirefu namna gani. Ni sawa na kumsikiliza anayenong'ona huku umeegemea spika ya singeli. Redio inazidiwa, na stesheni ya jirani inachomoza mahali ambapo haipo. Chomoa waya wa nje, fupisha antena, au sogeza swichi iliyoandikwa DX kwenda upande wa pili. Stesheni zikitengana, umepata jibu: mahali hapo panataka antena ndogo, si kubwa.

Kuna mizimu mingine ya kihesabu. Redio nyingi za bei ndogo husikia stesheni ileile kilohezi 910 chini ya mahali pake halisi. Redio ya Zanzibar ilipokuwa ikisikika duniani kwenye kilohezi 11735, wengi waliikuta pia kwenye 10825. Na anayekaa karibu na uwanja wa ndege akisikia rubani kwenye FM asidhani ameingilia siri ya mtu. Ni kasoro hiyohiyo, safari hii kwa megahezi 21.4.

Inapanda na kushuka, au imepotea ghafla

Sauti inayozama na kuibuka kila baada ya sekunde kadhaa ni mawimbi ya njia mbili yanayogombana angani. Tatizo hili huwezi kulihama. Mtetemo wa haraka unaokuja baada ya magharibi na kufanya sauti itetemeke hadi karibu usiku wa manane ni wetu sisi wa ukanda wa ikweta ya sumaku, na huzidi kuelekea Machi na Septemba.

Kimya cha ghafla mchana kwenye masafa mafupi yote, kinachodumu dakika kadhaa hadi saa moja au zaidi, mara nyingi ni mlipuko wa jua. Bendi za juu hurudi kwanza. Stesheni iliyopotea Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba imebadili masafa tu, kwa kuwa ratiba za dunia hugeuzwa siku hizo. Na nyingine zimeondoka kabisa: mtambo wa BBC wa Ushelisheli ulizimwa 2014, ule wa Deutsche Welle wa Kigali 2015. Enzi za mtambo huo, mtu wa Bujumbura angeweza kuukosa huku wa Afrika Magharibi akiusikia vizuri, kwa sababu wimbi la angani huwaruka walio karibu kabla halijatua.

Waya wowote wa nje uchomoe mawingu yanapokusanyika, hasa kilimani, na uutupe nje ya dirisha, si kuuacha umelala sakafuni karibu na kitanda.